Mpango Kabla ya Insha: Kumfundisha Mtoto Kuandika Wasifu wa Mtu wa Historia

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu wa kweli, yanayoandikwa na mtu mwingine kwa kufuata habari zinazoweza kuthibitishwa. Katika shule za msingi watoto huandika maelezo ya aina hii katika vipindi vya Kiswahili na vya historia, na umri wa darasa la nne au la tano unafaa sana kuyaanza kwa uzito. Mtoto wa umri huo husoma aya nzima bila kusaidiwa, na huuliza maswali kuhusu mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa. Nchini Tanzania kazi hii imepata nafasi kubwa zaidi tangu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza kutekelezwa pamoja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Hata hivyo, insha nyingi za watoto kuhusu watu wa historia hufanana mno. Sentensi ya kwanza hutaja tarehe ya kuzaliwa, ya mwisho hutaja kifo, na katikati hupangwa mistari iliyonakiliwa kitabuni neno kwa neno. Mtoto aliyeandika hivyo hakupungukiwa na akili wala lugha. Alipewa mada na daftari, akaambiwa aandike, na hatua iliyopaswa kutangulia ikarukwa. Hatua hiyo ni mpango: kuuliza, kukusanya, kupima, kupanga na kuchagua. Mambo hayo matano yanafundishika, tena hayahitaji vifaa vya gharama. Yanahitaji muda, na muda huo ndio unaoamua kama mtoto atakuwa mnakili au mwandishi.

Kumchagua mhusika

Kazi inaanza kwa kumpata mtu wa kuandikiwa wasifu. Mhusika anayewafaa watoto awe na sifa tatu. Ya kwanza, habari zake zipatikane katika vyanzo zaidi ya kimoja. Ya pili, maisha yake yawe na mabadiliko ambayo mtoto anaweza kuyaona na kuyaeleza. Ya tatu, mazingira yake yasiwe mageni kabisa kwa msomaji mdogo.

Viongozi wa kisiasa hupewa nafasi ya kwanza vitabuni, na wanaistahili. Lakini wasifu wa kiongozi hubeba majina ya vyama, mikataba na vyeo, na mtoto wa miaka kumi hupotea humo upesi. Kwa insha ya kwanza, msanii, mwalimu, mkunga, nahodha au mfanyabiashara anaweza kufaa zaidi, kwa sababu kazi yake inaonekana na inaelezeka.

Mfano mzuri ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Maisha yake yana hatua zilizo wazi, kutoka kijijini hadi mjini na kutoka mjini hadi ng'ambo ya bahari. Mahali alipopita pangalipo na panaonekana kwenye ramani. Sauti yake ilihifadhiwa katika santuri. Zaidi ya hayo, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili, Shaaban Robert, alikwisha kuifanya kazi hiyohiyo ambayo mtoto anatakiwa kuifanya. Mwandishi huyo, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alimhoji Siti katika siku zake za mwisho, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Mtoto anayepewa mada hii anaingia katika kazi ambayo tayari ina mfano katika lugha yake.

Mwalimu aanze kujua

Mwalimu hawezi kuwaongoza watoto kupanga habari ambazo yeye mwenyewe hajazipanga. Kabla ya kipindi cha kwanza inampasa awe na muhtasari wa maisha ya mhusika na wa zama zake.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji kilichopo kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, takriban mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Jina la Siti alilipata baadaye. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake asili ya Uzigua. Familia ilikuwa maskini. Siti alijifunza ufinyanzi nyumbani, akawa anatembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Hakupata nafasi ya kujifunza kusoma wala kuandika.

Zama zake nazo zina uzito katika simulizi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibatilishwa kisheria mwaka 1897, Siti akiwa tayari msichana. Muziki wa taarab uliingia kisiwani katika utawala wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na mwanzoni ulikuwa burudani ya kasri iliyoimbwa kwa Kiarabu. Bila kuyajua haya, mtoto hataona ukubwa wa jambo alilolifanya binti wa Fumba.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Huko alifundishwa na wanamuziki, akaimba pamoja na kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Aliiimba taarab kwa Kiswahili, na watu wa kawaida wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya Gramophone zilizotoka kwa nembo ya His Master's Voice. Santuri hizo zilienea katika pwani ya Afrika Mashariki. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Jina lake liliendelea kuishi: Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Maswali yatangulie majibu

Kosa linalorudiwa madarasani ni kuwapa watoto kifungu cha kusoma kabla hawajawa na swali. Mtoto asiye na swali huona kila sentensi ni muhimu, basi hunakili zote.

Dawa yake ni jedwali la safu tatu, linalochorwa ubaoni na katika daftari. Katika safu ya kwanza huandikwa yale wanayoyajua, ya pili yale wanayotaka kuyajua, na ya tatu hubaki wazi kwa ajili ya yale watakayojifunza. Katika safu ya kwanza watoto husema machache: alikuwa mwimbaji, alitoka Zanzibar, aliishi zamani. Mwalimu huyaandika yote, hata yenye shaka, kwa kuwa yatapimwa baadaye.

Safu ya pili ndiyo yenye kazi. Watoto huanza kwa maswali ya nani, wapi na lini. Hayo ni ya lazima, ila majibu yake huisha kwa neno moja. Mwalimu awasogeze kwenye maswali ya kwa nini na kwa namna gani. Kwa nini Siti aliondoka Fumba? Nani alimsaidia mjini? Alikumbuka vipi maneno ya nyimbo nyingi bila kujua kusoma? Kwa nini wanamuziki wa Zanzibar walisafiri hadi India ili kurekodi sauti zao? Ni kitu gani kilibadilika katika taarab baada yake?

Maswali yakitosha, darasa hutafuta swali kubwa moja linaloyabeba mengine. Kwa Siti linaweza kuwa hili: ilikuwaje muuza vyungu wa Fumba akawa sauti iliyojulikana pwani nzima? Swali hili huandikwa juu ya ukurasa na kubaki hapo mpaka insha iishe. Kila habari itakayopatikana itapimwa nalo. Habari inayosaidia kulijibu itaingia. Isiyosaidia itawekwa kando, hata ikiwa tamu.

Kukusanya habari kwa maneno machache

Mtoto hufundishwa kuandika vidokezo, kwa maana ya maneno machache yanayobeba habari moja. Njia iliyo rahisi ina hatua tatu: kusoma kifungu kifupi, kufunika kitabu, kisha kuandika kilichokumbukwa kwa maneno yasiyozidi sita.

Tuseme kifungu kinasema: "Mwaka 1911 Siti aliondoka kijijini kwao Fumba akahamia mjini Zanzibar, ambako alikutana na wapigaji wa ala waliomfundisha kuimba kwa kufuata muziki." Kidokezo chake kitakuwa: "1911 – mjini – kufundishwa na wanamuziki." Mtoto mwenye kidokezo hicho hana sentensi ya kunakili. Wakati wa kuandika ukifika, atalazimika kuiunda yake, na hapo ndipo utungaji unapoanza.

Kila kidokezo kiandikwe kwenye kikaratasi chake. Vikaratasi vinavyokatwa kutoka kwenye manila, kalenda ya zamani au daftari lililokwisha vinatosha. Nyuma ya kikaratasi mtoto aandike habari ilikotoka: kitabu gani na ukurasa upi, mwalimu, mzee fulani, ramani au wimbo. Desturi hii ndogo humzoeza kujua kwamba habari ina mwenyewe, na kwamba msomaji ana haki ya kuuliza ilikotoka.

Vyanzo viwe vya aina mbalimbali. Kitabu huleta tarehe na matukio. Ramani humwonesha mtoto umbali kati ya Fumba na mji, kisha kati ya Zanzibar na Bombay, na kumfanya aulize safari ilifanyikaje wakati hakukuwa na ndege za abiria kati ya mahali hapo pawili. Wimbo uliorekodiwa humsikilizisha ala na sauti, na huthibitisha kwa sikio kwamba Siti aliimba kwa Kiswahili. Mwalimu achague wimbo kabla ya kipindi, kwa sababu si kila wimbo unafaa kwa watoto wadogo.

Wazee nao ni chanzo, hasa Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, ambako taarab imekuwa sehemu ya harusi na sherehe kwa vizazi vingi. Wapo wanaomkumbuka Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefuata nyayo za Siti na kufariki mwaka 2013. Mtoto anayekwenda kumhoji mzee afundishwe kwanza adabu ya kazi hiyo: kuamkia, kujitambulisha, kueleza sababu ya kuja, kuuliza swali moja kwa wakati, kusikiliza bila kukatiza, na kushukuru. Aandike pia kama mzee alishuhudia jambo mwenyewe au alisimuliwa. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika historia.

Kupima kila habari

Vikaratasi vikishakusanywa, vinapimwa. Watoto hupewa mafungu matatu: ukweli, maoni na dai linalohitaji uhakika zaidi. "Alirekodi santuri Bombay mwaka 1928" ni ukweli, kwa kuwa santuri zipo. "Alikuwa mwimbaji bora kuliko wote" ni maoni. "Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri" ni dai linaloandikwa mara nyingi, na maneno kama "wa kwanza" na "pekee" humlazimu mwandishi kuuliza nani amehakikisha.

Maoni hayatupwi. Mtoto hufundishwa kuyageuza yawe maelezo yenye ushahidi. Badala ya kuandika kwamba Siti alikuwa hodari, aeleze jambo linaloonesha uhodari: alishika nyimbo kichwani bila kujua kusoma, na kampuni ya santuri ikamsafirisha hadi India. Msomaji atafikia hukumu mwenyewe.

Kuna pia habari ambazo vyanzo havikubaliani. Mwaka wa kuzaliwa kwa Siti ni mfano wa karibu, kwani watoto wa vijijini wa karne ya 19 hawakuandikishwa, na mwaka unaotajwa ni wa kukisia. Mtoto afundishwe maneno ya kazi hiyo: takriban, inakadiriwa, inaelezwa kuwa, kwa mujibu wa. Maneno hayo yanamlinda msomaji asichukue kisio kuwa uhakika. Mtoto anayeandika "alizaliwa takriban mwaka 1880" ameandika kwa usahihi zaidi kuliko anayebuni tarehe na mwezi ili insha ionekane kamili.

Hapa pia ndipo mahali pa kueleza mpaka kati ya wasifu na hadithi. Katika hadithi mwandishi anaruhusiwa kubuni maneno ya wahusika na mawazo yao. Katika wasifu haruhusiwi. Hakuna anayejua Siti alijisemea nini melini akielekea Bombay, kwa hiyo jambo hilo haliandikwi. Watoto wengi wamelelewa na ngano, na huongeza maneno ya kunukuu bila nia mbaya. Wakielezwa mpaka huo mapema, huushika.

Kupanga: kutoka vikaratasi hadi aya

Baada ya kupimwa, vikaratasi hutandazwa mezani au sakafuni. Watoto huvisogeza pamoja kwa kuangalia vipi vinazungumzia jambo moja. Kila fungu linalojitokeza litakuwa aya, na jina la fungu litakuwa kichwa kidogo. Kazi hii ifanyike kwa mikono na kwa majadiliano, kwa sababu mtoto akisogeza kikaratasi kutoka fungu moja kwenda lingine anafanya uamuzi, na mwenzake akimuuliza sababu, analazimika kuutetea.

Mwalimu awaoneshe njia mbili kuu za kupanga. Ya kwanza hufuata wakati: utoto, ujana, safari, uzee, kifo. Hii ni rahisi na inafaa kwa wanaoanza. Ya pili hufuata mada: familia yake, kazi yake, nyimbo zake, athari yake. Hii inawafaa waliozoea, kwa kuwa inataka mwandishi akumbuke kutaja miaka ili msomaji asichanganyikiwe. Wasifu mwingi mzuri huziunganisha njia hizi, ukafuata wakati katika sehemu kubwa na kumalizia kwa mada ya athari.

Mstari wa wakati usaidie kabla ya kuamua. Watoto hufunga uzi ukutani na kubandika miaka: 1873, 1880, 1897, 1911, 1928, 1950. Juu ya uzi huwekwa maisha ya Siti, chini yake mambo ya nchi. Kwa kuangalia tu, mtoto anaona kwamba Siti alikuwa na umri wa takriban miaka 17 utumwa ulipobatilishwa, na takriban miaka 48 aliporekodi Bombay. Habari hizo mbili hazikuandikwa mahali popote kwa ajili yake. Amezipata kwa kupanga.

Mpango wa insha ya darasa la tano unaweza kutokea hivi:

1. Utangulizi: Siti binti Saad ni nani, na kwa nini anakumbukwa.
2. Utoto Fumba: kuzaliwa, wazazi, ufinyanzi, kunadi vyungu.
3. Zanzibar ya wakati wake: utumwa, maisha ya maskini, taarab ya kasri.
4. Kuhamia mjini: mwaka 1911, walimu wake wa muziki, wenzake.
5. Safari ya Bombay: mwaka 1928, santuri, kuenea kwa sauti yake.
6. Hitimisho: kifo chake mwaka 1950, na alichokiacha.

Chini ya kila namba mtoto huweka vidokezo vitatu au vinne, akivipanga kwa mfuatano. Aya yenye kidokezo kimoja inaonesha upungufu, na mtoto hurudi kwenye vyanzo. Yenye vidokezo kumi inaonesha kwamba imebeba mambo mawili, na inagawanywa. Kwa hiyo mpango humwambia mwandishi kasoro ya insha kabla sentensi moja haijaandikwa, wakati kurekebisha bado ni kazi ya kusogeza karatasi.

Kuchagua cha kuacha

Hatua inayowaumiza watoto ni kuacha habari waliyoitafuta kwa bidii. Wanahitaji kuelezwa kwamba wasifu wa ukurasa mmoja hauwezi kubeba maisha ya miaka 70. Kinachobaki nje si kazi iliyopotea, kwa kuwa mwandishi anayejua mengi kuliko aliyoyaandika huandika kwa uhakika zaidi.

Kipimo cha kwanza ni swali kubwa lililoandikwa juu ya ukurasa. Cha pili ni msomaji. Kama insha itasomwa na watoto wa darasa la pili, istilahi za muziki zipunguzwe. Kama itabandikwa ukutani siku ya wazazi, historia ya taarab inaweza kupanuliwa. Cha tatu ni umri. Wimbo mmoja mashuhuri wa Siti, unaojulikana kwa jina la Kijiti, ulitokana na kisa cha kweli cha kuuawa kwa mwanamke. Mtoto wa miaka kumi hahitaji undani wa kisa hicho. Inamtosha kujua kwamba Siti aliimba kuhusu dhuluma zilizowapata watu wa kawaida, na kwamba nyimbo zake zilifanya kazi ya kutoa habari na kushitaki maovu.

Kuandaa lugha

Mpango kamili una pia maneno. Kabla ya kuandika, darasa hukusanya msamiati wa mada: santuri, ala, udi, fidla, kasri, ufinyanzi, kunadi. Kila neno huelezwa na kutumika katika sentensi, ili mtoto asikwame katikati ya aya au kuweka neno asilolielewa.

Kisha huandaliwa viunganishi vya wakati na vya sababu: kabla ya hapo, miaka michache baadaye, wakati huohuo, kwa sababu hiyo, kwa kuwa. Viunganishi vya sababu vipewe uzito, kwa kuwa ndivyo vinavyogeuza orodha ya matukio kuwa maelezo. "Hakujua kusoma. Alishika nyimbo nyingi" ni habari mbili zilizokaa mbalimbali. "Kwa kuwa hakujua kusoma, alilazimika kuzishika nyimbo kichwani" ni fikra moja.

Nafsi na wakati wa vitenzi huamuliwa mapema. Wasifu hutumia nafsi ya tatu na wakati uliopita, kwa hiyo kiambishi -li- ndicho nguzo yake. Kiambishi -ka- kinafaa pale matukio yanapofuatana kwa karibu, lakini kikitumiwa mfululizo aya nzima, insha hugeuka kuwa na sauti ya ngano: akaenda, akafika, akakuta, akasema. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni aya moja kwa namna zote mbili na kuwaachia watoto waeleze tofauti wanayoisikia.

Mwishoni mwa hatua hii kila mtoto aandike sentensi ya kwanza tu ya kila aya. Sentensi hizo sita zikisomwa kwa mfululizo na kueleweka, mpango umekamilika. Zisipoeleweka, tatizo lipo kwenye mpangilio, na hurekebishwa hapo.

Darasa kubwa, vitabu vichache

Njia hii inawezekana hata pale darasa lina watoto wengi na kitabu ni kimoja. Mwalimu husoma kifungu kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza watoto husikiliza bila kuandika. Mara ya pili huandika vidokezo, kisha hulinganisha na jirani. Vikundi vya watoto watano au sita hutumia seti moja ya vikaratasi, na kila kikundi kinaweza kupewa sehemu moja ya maisha ya mhusika, halafu darasa zima likaunganisha sehemu hizo kuwa mpango mmoja ubaoni.

Kupanga kwa mdomo nako kunasaidia. Mtoto asiyeandika kwa kasi anaweza kumsimulia mwenzake insha yake yote kwa kufuata vidole vyake: kidole cha kwanza utangulizi, cha pili utoto, na kuendelea. Akikwama kidole cha nne, anajua mahali pa kurudia. Wale wa darasa la tatu wanaweza kuishia kwenye mpango wa aya tatu, wa tano wakafanya aya sita, na wa saba wakaongeza aya inayolinganisha vyanzo viwili visivyokubaliana.

Muda ugawanywe kwa kuheshimu kazi hii. Ikiwa wasifu umepangiwa vipindi sita, vinne vinaweza kutumika katika maswali, vidokezo, upimaji na mpangilio, cha tano katika rasimu, na cha sita katika kusahihisha. Mgawanyo huu huonekana wa ajabu kwa aliyezoea kuona daftari lililojaa, lakini rasimu inayotoka kwenye mpango mzuri huandikwa upesi na huhitaji marekebisho machache.

Rasimu, masahihisho na alama

Wakati wa kuandika, mpango huwekwa wazi mbele ya mtoto. Anaandika aya moja, anaweka alama kwenye vidokezo alivyovitumia, kisha anaendelea. Anaruhusiwa kuubadilisha mpango akigundua mpangilio bora, alimradi aweze kueleza sababu.

Katika kusahihisha, watoto wawili hubadilishana rasimu na mipango. Msomaji huuliza maswali manne. Je, swali kubwa limejibiwa? Je, kila aya ina jambo moja? Je, kila tarehe na jina vina chanzo nyuma ya kikaratasi? Je, kuna sentensi iliyochukuliwa kitabuni kama ilivyo? Tahajia na alama za uandishi hufuata baada ya hayo.

Walimu watoe alama kwa mpango wenyewe, mbali na alama za insha. Mtoto anapoona kwamba vikaratasi vyake vimesomwa na kupewa uzito, hutambua kuwa kufikiri kabla ya kuandika ni sehemu ya kazi. Alama zikitolewa kwa insha pekee, wengi watarudi kunakili, maana kunakili huleta ukurasa uliojaa kwa haraka.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mzazi hatakiwi kumwandikia mtoto insha. Anachoweza kufanya ni kumuuliza umejuaje, kumpeleka kwa bibi au babu mwenye kumbukumbu, na kumsikiliza akisimulia mpango wake. Kwa familia za Kiswahili zinazoishi Uarabuni, Ulaya au Marekani, ambako mtoto hasomi historia ya pwani shuleni, kazi hii inaweza kufanyika nyumbani kwa kumhoji jamaa kwa simu.

Afrika Mashariki ina watu wengi wa kale ambao maisha yao bado hayajaandikwa kwa Kiswahili kwa namna inayomfaa mtoto kusoma: wakunga, manahodha, mafundi, walimu wa vijijini, waimbaji. Waandishi wa kesho wa habari zao wapo madarasani leo. Shule ziwape muda wa kuuliza, kukusanya, kupima na kupanga kabla ya kuwataka wajaze kurasa, kwa kuwa mtoto aliyefundishwa kupanga wasifu mmoja kwa uaminifu ataweza kuuandika wa mtu yeyote.